SAFINA HUJENGWA JUA LIKIWAKA

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili. Mhubiri: Mchungaji Msaidizi
Maandiko: Waebrania 11:7, Mwanzo 6:13-22, Mathayo 4:5-7, Matendo 11:27-30, Mwanzo 41:33-36

Waliokuwa ibadani Jumapili wanajua nilianza kwa kuungama. Nimeonelea hata wewe unayesoma nyumbani uanzie hapo hapo.

Mwezi wa nne mwaka wa 2024, siku za ile mvua kubwa, nilikuwa naongoza ushirika wa nyumbani huku upande wa chini, karibu na mto. Tulipomaliza maombi dada mmoja, mjane mwenye watoto watatu, akaniita kando. Akasema, "Pastor, maji yamefika ploti ya nyuma yetu. Dada yangu ananiambia nibebe watoto na vitu niende kwake huko juu mpaka mvua ipungue. Nifanye aje?"

Nikamjibu haraka, kwa sauti ya madhabahu: "Mama, usikiri hivyo. Hayo maji hayatakaribia hema yako." Nikawaita wengine, tukashikana mikono, tukakemea. Kila mtu akasema Amina. Yeye pia akasema Amina, lakini macho yake hayakusema.

Usiku wa tatu maji yakaingia. Aliamka akakuta godoro la watoto linaelea. Alitoka na mmoja mgongoni na wawili mkononi, maji yakiwa kiunoni, giza totoro. Mungu ni mwema, wote wako hai. Lakini cherehani aliyokuwa akitafutia riziki ilienda. Sare za shule zilienda. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho chake, cheti cha kifo cha mume wake, vyote vilienda na maji. Nilipomfuata kwenye shule walikokuwa wamehifadhiwa, hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Pastor, ningeenda kwa dada yangu, ningekuwa nimekosa imani?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nikamwombea, nikaondoka. Ujumbe huu ndio jibu langu kwake, na amenipa ruhusa nisimulie.

TUSEME UKWELI KUHUSU MWAKA ULE

Wapendwa, hatuongei habari za nchi za mbali. Mvua za Machi mpaka Mei mwaka wa 2024 ziliua zaidi ya watu 200 katika Kenya hii yetu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili, huko Kamuchiri karibu na Mai Mahiu, maji yalishuka kwa kishindo watu wakiwa usingizini, na zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Miezi michache kabla, usiku wa tarehe 1 Februari, gesi ililipuka Embakasi na mamia ya watu wakajeruhiwa. Kati ya hao kulikuwa na waombaji. Kulikuwa na watu waliokuwa wamemaliza kufunga Januari. Kwa hivyo asije mtu akasema waliopatwa na mabaya walikuwa na imani ndogo. Yesu mwenyewe alikataza mawazo hayo alipotaja mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18. Someni Luka 13.

Swali letu ni lingine: sisi tuliobaki, nyumba zetu zikoje?

1. IMANI YA NUHU ILIKUWA NA VIPIMO

Waebrania 11 ni ukumbi wa mashujaa wa imani, na Nuhu amo ndani. Lakini angalia amesifiwa kwa nini. Alionywa juu ya jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona, akaogopa kwa heshima, akajenga chombo cha kuokoa nyumba yake. Imani yake ilishika shoka na msumeno.

Rudi Mwanzo 6 uone Mungu anavyoongea kama mhandisi. Urefu dhiraa 300, upana 50, kimo 30. Paka lami ndani na nje. Weka mlango ubavuni. Halafu mstari wa 21 Mungu anamwambia akusanye chakula, chake na cha wanyama. Sasa fikiria: huyu ni Mungu yule yule ambaye baadaye alilisha Israeli mana jangwani miaka 40. Alishindwa kuangusha mana ndani ya safina? Hakushindwa. Alitaka Nuhu aweke stoo.

Kisha sura ya 7 mstari wa 16 inasema Bwana ndiye aliyemfungia. Haleluya! Kuna mlango ambao wewe huwezi kuufunga, Mungu anaufunga. Lakini mlango wenyewe ulichongwa na Nuhu. Kama hakungekuwa na mlango, Mungu angefunga nini? Mguse jirani yako umwambie: chonga mlango.

Mimi nilisoma biashara chuoni. Kuna somo zima linalokufundisha kujiuliza maneno matatu: ni nini kinaweza kutokea, kuna uwezekano gani kitokee, na kikitokea kitaharibu nini. Kampuni inayokataa kujiuliza hivyo haiitwi kampuni ya imani. Inaitwa kampuni inayoelekea kufungwa.

2. ZABURI NILIYOITUMIA VIBAYA

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Pastor, kuwaza mabaya ni kuyaita." Ngoja nikuulize. Jioni ukifunga mlango kwa kufuli, umeita mwizi? Mama mjamzito akipanga mfuko wa hospitali mwezi wa nane, ameita matatizo? Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliwaagiza Israeli wanaojenga nyumba mpya waweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Hiyo ilikuwa sheria ya Mungu, si ya kaunti.

Lakini andiko lililonivunja ni Mathayo 4. Shetani alimpeleka Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe chini. Na alitumia Neno! Alitumia Zaburi ya 91, ile ya malaika kukuchukua mikononi. Yesu hakusema zaburi ni uongo. Alisema mtu asimjaribu Bwana Mungu wake.

Wapendwa, ni zaburi hiyo hiyo niliyomtolea yule dada. Neno lilikuwa la kweli. Nilipokosea ni kulitumia kumwambia akae pale maji yanapokuja, wakati Mungu alikuwa ameshamfungulia mlango kwa dada yake huko juu. Nilimsimamisha kinarani nikamwita shujaa wa imani. Nimetubu mbele za Mungu, nimetubu mbele yake, na sasa natubu mbele yenu.

Zaburi ya 91 ni ya kukulinda unapotembea katika njia zako. Haijaandikwa ili ulale kando ya mto uliovunja kingo.

3. UNABII ULIOGEUKA BAJETI

Sisi Wapentekoste tunapenda unabii, na ni vizuri. Basi tusome Matendo 11. Nabii Agabo alisimama Antiokia akatabiri kwa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Sasa waumini walifanya nini? Naamini waliomba. Lakini Luka anachokiandika ni kwamba walichanga. Kila mmoja kadiri ya uwezo wake, wakatuma msaada kwa ndugu wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Unabii ukaingia kwenye bajeti.

Leo Idara ya Hali ya Hewa ikisema mvua itazidi, wewe unabadilisha stesheni. Chifu akipita na kipaza sauti akisema wa kando ya mto wahame, tunasema ni siasa. Simsemi chifu kuwa nabii. Nasema Mungu anaweza kutumia hata punda kumzuia mtu barabarani. Muulize Balaamu.

4. SASA TUINGIE NYUMBANI KWAKO

Hapa shika kalamu. Hii ndiyo sehemu ya shoka na msumeno.

Maji. Mtu mmoja akadirie lita 4 kwa siku, za kunywa na matumizi madogo. Siku tatu ni lita 12. Nyumba ya watu watano ni lita 60. Hiyo ni mitungi mitatu ya lita 20, ile ya njano unayoijua. Ioshe, ijaze, ifunike, badilisha maji mara kwa mara. Mafuriko yakija maji ya bomba huchanganyika na ya choo, na kipindupindu hakiulizi umeokoka lini. Chemsha, au tumia dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Karatasi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya shamba, vyeti vya shule, kadi za kliniki. Weka zote katika mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji, uutundike juu mahali mkono unafika hata gizani. Zipige picha na umtumie mtu unayemwamini aliye mji mwingine. Kuhangaikia kitambulisho kipya ukiwa umelala kwenye darasa la shule, nimeona kwa macho, si mchezo.

Mfuko wa kutoka nao. Tochi, pawabenki yenye chaji, dawa za kila siku za mwenye presha au sukari, nguo moja ya kila mtoto, pedi, sabuni, blanketi, pesa kidogo taslimu. Stima ikipotea na minara ya simu ikizima, pesa za M-Pesa utaziona lakini hutazishika.

Mlango. Hii ni ya sisi wa mjini. Tumeweka chuma kila dirisha na kufuli mbili mlangoni kwa sababu ya wezi. Moto ukiwaka saa nane usiku, ufunguo uko wapi? Kama jibu ni "kwa suruali ya baba", mmejifungia. Utundikwe karibu na mlango, mahali wa nyumbani wote wanajua na mwizi wa dirishani hafiki. Na dirisha moja liwe na chuma kinachofunguka kutoka ndani. Ongea na mwenye nyumba. Akikataa, nendeni wapangaji kumi pamoja.

Gesi. Ile gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya. Ukiinusa, usiwashe kiberiti na usiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toa watu nje, ndipo upige simu ukiwa nje. Mafuta yakishika moto kwenye sufuria, usimwage maji hata kidogo. Zima jiko kama unafikia, funika na kifuniko.

Makaa. Usiingize jiko la makaa ndani ulale nalo ati kwa sababu ni Julai na kuna baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu na haina rangi. Familia nzima hulala na isiamke.

Kuungua. Mtoto akiungua weka maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Si dawa ya meno, si unga, si yai. Hayo tuliyorithi yanaongeza kidonda.

Maji yanayopita barabarani. Maji ya kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kukuangusha. Yakifika 60 yanabeba magari mengi. Ndugu zetu wa bodaboda na matatu, usipime imani yako kwenye daraja lililofunikwa. Geuza. Uchelewe kufika, lakini ufike.

Watu. Kubalianeni mtakutana wapi mkitawanyika: geti la shule, au hapa kanisani. Kila mtoto ajue kwa kichwa jina lake kamili na nambari ya mzazi. Andika nambari kwenye karatasi ubandike ukutani, maana simu huzima: 999 au 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Halafu fanyeni mazoezi. Zimeni taa jioni moja, tokeni nje kwa dakika mbili. Watoto watacheka, na watakumbuka.

5. GHALA LA YUSUFU

Mtauliza pesa za haya yote zitatoka wapi. Yusufu alimshauri Farao atenge sehemu ya tano, yaani asilimia 20, katika ile miaka saba ya neema. Hakungoja ng'ombe waliokonda wafike ndipo aanze kujenga ghala.

Asilimia 20 inaweza kukushinda leo, nami sitakubebesha mzigo. Anza na shilingi 50 kwa siku. Mwezi wa siku 30 ni 1,500. Mwaka mzima ni 18,250. Kuna nyumba katika kanisa hili ambazo mwaka uliopita zingeokolewa na 18,250. Badala yake zilikopa kwa simu, na mkopo ukawa janga la pili. Iweke mahali unaumia kidogo kuitoa, na uipe jina: ghala. Harusi ya binamu si dharura. Simu mpya si dharura. Mechi ya Jumamosi unayotaka kuwekea pesa, ndugu yangu, hiyo tutaongea ofisini.

Na usiniambie fungu la kumi ndilo linakuzuia. Mungu aliyekufundisha kutoa ndiye aliyemfundisha Yusufu kuweka.

6. SHOSHO WA NYUMBA YA SABA ATABEBWA NA NANI?

Sitaki tutoke hapa kila mtu na mitungi yake mitatu na mlango umefungwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika ploti yako kuna shosho asiyeweza kukimbia. Kuna mama aliyejifungua wiki jana. Kuna kijana anayetumia kiti cha magurudumu, na mlinzi wa usiku anayeacha watoto peke yao kuanzia saa kumi na mbili jioni. Nani atawagongea?

Wazee wa kanisa wamekubali kila ushirika wa nyumbani uandike orodha hiyo kabla ya mvua. Jina la anayehitaji msaada, na jina la watu wawili watakaomfikia. Wawili, maana mmoja anaweza kuwa kazini. Ukumbi wa kanisa uko juu, na ufunguo wake utakuwa na watu watatu wanaokaa karibu. Mvua ikizidi usiku, njooni. Msingoje tangazo, msingoje Jumapili.

JIBU LANGU KWA DADA YETU

Dada yangu, najua unasoma. Uliniuliza kama ungekuwa umekosa imani. Jibu ni hapana. Mungu alikuonya kwa maji uliyoyaona kwa macho yako, akakuandalia nyumba ya dada yako, akakupa hekima ya kuuliza. Ungebeba watoto wako jioni ile ukaenda, ungekuwa umefanya alichofanya Nuhu. Aliyekosa ni mimi. Na nikipita kwako siku hizi nikaona ule mfuko wa karatasi umening'inia juu ya msumari, naona imani inayonihubiria.

Wapendwa, kuna gharika moja ambayo mitungi na tochi havitasaidia. Yesu alisema siku za kuja kwake zitakuwa kama siku za Nuhu: watu wakila, wakinywa, wakioa, mpaka safina ikafungwa. Safina ya siku hiyo imeshajengwa, imejengwa msalabani, na mlango bado uko wazi. Kama hujaingia, ingia leo. Ongea na mtumishi yeyote aliye karibu nawe, au uombe pale ulipo, Yesu anasikia.

TUOMBE

Baba, tunakushukuru kwa kutuhifadhi mpaka leo. Wafariji waliopoteza watu wao katika maji na katika moto. Utusamehe tulipoita uzembe imani. Tupe macho ya kuona hatari na mikono ya kufanya kazi kabla haijafika. Zilinde nyumba zetu, na tukifanya sehemu yetu, wewe utufungie mlango. Katika jina la Yesu, Amina.

KAZI YA WIKI (Ushirika wa nyumbani, Jumatano)

1. Someni Mwanzo 6:13-22. Nuhu alifanya nini, na Mungu alifanya nini?
2. Ni wapi katika maisha yako umeita uzembe imani? Nendeni mbele za Mungu pamoja.
3. Andikeni orodha ya wanaohitaji kubebwa katika ploti zenu, mlete kwa mzee wa eneo kabla ya Jumapili.
4. Kila nyumba ilete ushuhuda: mfuko wa karatasi uko tayari, na ufunguo uko wapi?